Paka Aliyeponyoka Amerudi: Kwa Nini Bado Tunataka Kumwona

Simu za paka waliotoroka zina mwenendo ambao kila anayefanya kazi katika kliniki ya wanyama anaufahamu. Mwenye paka hupiga asubuhi, hupiga tena jioni, huuliza kama kuna paka yeyote aliyeletwa, hueleza rangi ya manyoya na alama iliyo puani. Kisha siku paka anapojitokeza mlangoni, akala, akanywa na kujilaza mahali pake pa kawaida, simu hukoma. Tunafurahi pamoja na mteja, lakini kwa upande wetu kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ya nje haionekani siku ya kurudi. Makala haya yanaeleza yanayompata paka wa ndani anapoponyoka, dalili zinazochelewa kujitokeza, na kile tunachokifanya paka wa namna hiyo anapoletwa kwetu kuchunguzwa.

Paka aliyezoea kuishi ndani kwa kawaida hatoki kwa kuwa ameichoka nyumba. Hutoka kwa sababu mlango umeachwa wazi katika saa ambazo yeye yuko macho zaidi, yaani alfajiri na magharibi, na hizo ndizo saa ambazo watu wa nyumbani huingia na kutoka mikono ikiwa imejaa mizigo. Ipo pia sababu ya pili, ambayo kwa maoni yetu wenye paka huipa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 tu, na akiwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, hutafuta upenyo wowote wa kutokea. Paka dume ambaye hajahasiwa hunasa harufu ya jike huyo kutoka mbali na kufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mteja anapotuomba ushauri kuhusu paka mtoro, swali letu la kwanza halihusu kitasa cha mlango wala wavu wa dirisha, bali kama paka huyo amehasiwa au kufungwa kizazi.

Hatari ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni gari, na watu hawakosei. Kinachowapotosha ni dhana kwamba paka aliyegongwa ama hufa papo hapo au huchechemea mbele ya macho yao. Wapo wanaorudi nyumbani kwa miguu yao, wakajificha chini ya kitanda, na familia ikasema amechoka. Paka kama huyo akiwekwa kwenye meza yetu, jambo mojawapo tunaloliangalia mapema ni makucha. Anaposukumwa au kuburutwa na gari, paka huyakita makucha yake ardhini kwa nguvu zake zote, kwa hiyo ncha zake husagika, hupasuka au hung'oka, mara nyingi kwenye miguu zaidi ya mmoja. Makucha ya aina hiyo kwa paka asiyekuwa na jeraha jingine lolote hutufanya tupige picha ya eksirei ya kifua na nyonga kabla ya kumruhusu aende, kwa kuwa kishindo cha gari kinaweza kuchana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kupasua kibofu cha mkojo au kuvunja mifupa ya nyonga bila kuacha hata mkwaruzo kwenye ngozi.

Nyumbani, mwenye paka anaweza kujipima mwenyewe mambo mawili. La kwanza ni pumzi: paka akiwa amelala fofofo, hesabu mara ambazo kifua chake kinapanda na kushuka kwa dakika moja. Paka mzima kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 katika hali hiyo; akizidi hapo kila unapohesabu, mlete siku hiyo hiyo, na akipumua mdomo ukiwa wazi mlete bila kusubiri hata kidogo. La pili ni mkojo, kwa maana paka aliyerudi anatakiwa kukojoa ndani ya saa 24, na kutokukojoa kabisa si jambo la kuvumilia mpaka kesho yake. Gari lililoegeshwa nalo lina hatari yake, kwa sababu paka aliyeshikwa na baridi hupanda juu ya injini ambayo bado ina moto. Kugonga boneti kabla ya kuwasha gari ni tahadhari isiyo na gharama yoyote.

Ugomvi wa paka kwa paka ndio unaotuletea wagonjwa waliocheleweshwa zaidi. Jino la paka ni jembamba na kali, hivyo huzama kwenye nyama kama sindano, na linapotoka ngozi hujifunga juu yake karibu mara moja, huku vijidudu vya kinywani vikibaki chini. Ukimpapasa paka siku hiyo pengine utahisi kigaga kidogo tu kilichojificha ndani ya manyoya, au hutahisi chochote. Baada ya siku 2 hadi 4 hupoteza hamu ya kula, hulala muda mrefu kuliko kawaida, joto la mwili hupanda juu ya nyuzi 39.2, na sehemu iliyoumwa huvimba na kujaa usaha. Mahali pa jeraha hutueleza hata namna ugomvi ulivyokwenda: anayesimama kupigana huumwa usoni na miguu ya mbele, anayekimbia huumwa kwenye shina la mkia na mapaja. Jeraha la namna hii likitibiwa mapema, mara nyingi dawa ya antibiotiki na ya kutuliza maumivu hutosha. Likiachwa hadi liwe jipu, itatubidi tumpe nusukaputi, tulipasue na kulisafisha.

Zaidi ya usaha, meno hubeba virusi. Kirusi cha upungufu wa kinga cha paka, kinachofahamika kwa kifupi FIV, huenea hasa kwa kuumwa, na kirusi cha lukemia ya paka, FeLV, huenea kwa mate hata pale paka wanapolambana au kula chombo kimoja. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachomwambukiza binadamu. Ugumu wake ni kwamba kipimo cha FIV hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi hicho, ambazo mwili huchukua muda kuzitengeneza, kwa hiyo paka aliyeumwa jana akipimwa leo na kuonekana hana, jibu hilo linahusu maisha yake ya kabla ya kutoroka. Tunampima siku ya kwanza ili kujua alivyokuwa, kisha tunamwita tena siku 60 baadaye. Wateja wengi huja mara ya kwanza na kusahau ya pili, ilhali hiyo ya pili ndiyo yenye jibu la lile lililotokea nje. Katika kipindi hicho ni vyema asichangamane na paka wengine wa nyumbani.

Kichaa cha mbwa kinahitaji aya yake, kwa kuwa huua paka na huua binadamu, na dalili zake zikishaanza hakuna tiba. Paka wa ndani ndiye anayerukwa mara nyingi katika ratiba ya chanjo, kwa hoja kwamba hatoki. Hoja hiyo husimama mpaka siku anapotoka. Paka akirudi na jeraha ambalo hujui limetoka kwa mnyama gani, mshike kwa glovu au taulo nene, tuletee kumbukumbu zake za chanjo, na usimruhusu mtoto amlambishe mkono. Mtu yeyote aliyeng'atwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali ya binadamu siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kuhusu mbwa tutasema kwa ufupi: tundu mbili za meno zinazoonekana juu ya ngozi hazilingani na uharibifu uliopo chini yake, kwa sababu mbwa humtikisa paka, na misuli na mbavu huumia palipo ngozi nzima. Paka aliyeng'atwa na mbwa haangaliwi kwa macho tu.

Sumu ndiyo hatari inayomdanganya mwenye paka kuliko zote, kwa kuwa baadhi yake humpa siku kadhaa za utulivu. Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda haimdhuru paka saa ile anapokula chambo au panya aliyekwishakula chambo. Damu huanza kuvuja baada ya siku 3 hadi 5, akiba ya mwili inapokwisha, na wakati huo fizi hupauka, pumzi huwa nzito, na michubuko hutokea bila sababu. Tiba yake, vitamini K1, inafanya kazi vizuri sana ikianza mapema, na huendelea kwa wiki kadhaa. Kimiminika cha rejeta chenye ethilini glikoli kiko kinyume chake, kwa sababu hakingoji: kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua paka, na muda ambao dawa ya kukipinga humsaidia ni takriban saa 3 tangu alambe. Paka anayeyumba kama mlevi baada ya kurudi kutoka upande wa gereji anapaswa kuwa njiani kuja kwetu, si kitandani akipumzishwa. Maua ya lili, yaani yale ya jamii za Lilium na Hemerocallis, huharibu figo za paka hata kwa chavua tu aliyoilamba kutoka kwenye manyoya yake. Ukimwona ana vumbi la njano au la kahawia mwilini, lifute kwa kitambaa chenye maji kabla hajaanza kujisafisha, na umlete.

Sumu tunayoikasirikia kuliko nyingine ni ile anayopewa nyumbani kwa nia njema. Paka amerudi ana viroboto, dawa ya viroboto ya mbwa ipo kabatini, na mtu anamwekea tone moja shingoni. Dawa nyingi za aina hiyo zina permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja kama linavyofanya la mbwa, na ndani ya saa chache paka huanza kutetemeka, kisha degedege. Ikiwa imekwisha kupakwa, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, umlete. Kwa sumu yoyote ile, usimpe chumvi, mafuta wala maziwa ili atapike. Njoo na pakiti au picha ya pakiti, kwa maana jina la dawa hutuokolea muda kuliko maelezo marefu.

Paka wengine hawatoki kwa mlango bali kwa dirisha. Ripoti inayotajwa mara nyingi ilitolewa na madaktari wa wanyama wa New York mwaka 1987, ikieleza habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, ambao takriban asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Takwimu hiyo imewafanya watu waamini kwamba paka haumii akianguka. Wanasahau kwamba waliokufa palepale chini hawakupelekwa hospitali, kwa hiyo hawamo katika hesabu, na kwamba hao waliopona walipona baada ya matibabu ya mapafu, taya na miguu iliyovunjika.

Hatari ya mwisho haina damu wala meno: kufungiwa stoo au gereji ya jirani. Paka, hasa mnene, akikaa siku 3 au zaidi bila kula, mwili huhamishia mafuta yake kwenye ini hadi ini lishindwe kufanya kazi, na tatizo hilo linaweza kujitokeza baada ya kupatikana. Usimjazie bakuli kwa huruma. Mpe maji, mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na uangalie ndani ya masikio na kwenye fizi kama kuna rangi ya manjano.

Kwa ambaye paka wake bado hajaonekana, mtafute karibu kabla ya kumtafuta mbali. Paka wa ndani aliyeingiwa na hofu hujibanza chini ya ngazi, nyuma ya rundo la mbao au ndani ya mtaro ulio nyumba mbili tatu kutoka kwake, na haitiki anapoitwa, hata na mtu anayempenda. Toka usiku kukiwa kimya, pitisha mwanga wa tochi chini chini ili macho yake yaurudishe, na waombe majirani wafungue stoo zao wakiwapo. Chipu tunayoiweka chini ya ngozi, ambayo ni ndogo kama punje ya mchele na ina namba yenye tarakimu 15, haionyeshi paka yuko wapi. Humtambulisha akishapatikana na kusomwa kwa kifaa, na haina maana ikiwa namba ya simu iliyosajiliwa nayo ulishaiacha.

Akirudi akiwa na hali nzuri, tunaomba umlete ndani ya saa 24, akiwa kwenye kikapu kilichofungwa na kufunikwa kwa taulo. Tutampapasa mwili mzima tukipekua manyoya, tutapima joto, uzito na pumzi, tutaangalia makucha, fizi na macho, tutampima virusi, tutampa dawa za minyoo na viroboto zinazomfaa paka, na chanjo zilizopitwa na wakati tutazishughulikia kulingana na majeraha tutakayoyakuta. Kabla hujaondoka tutakupa tarehe ya marudio ya siku 60, na kama hajahasiwa au kufungwa kizazi, tutapanga siku ya upasuaji huo na kumwekea chipu akiwa bado chini ya nusukaputi ile ile.