Tusiwafundishe wazazi kuhesabu vidole

Ndugu Mhariri,

Kila mara nasoma gazetini mwako mafunzo ya kutambua video za kughushi, zinazotengenezwa kwa akili bandia: hesabu vidole, tazama kama macho yanapepesa, sikiliza kama sauti inakwama. Naomba tusiwape wazazi wetu silaha hiyo. Dosari hizo zinazidi kupungua, na mzazi anayesikia mwanawe akilia hana nafasi ya kukagua chochote.

Mama yangu alipigiwa simu usiku. Sauti ilikuwa ya mdogo wangu, kwikwi tupu: "Mama, nimegonga mtu. Usimwambie Baba." Akaingia mtu aliyejiita wakili, akataka pesa ya dhamana papo hapo, na asikate simu. Mdogo wangu alipotoka chumbani kuuliza kuna nini, Mama alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, cha pili kiko mkononi.

"Sauti yake naijua, nimemzaa mimi," aliniambia baadaye. Na kweli anaijua. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde 3 tu za maneno yake. Salamu moja ya sikukuu iliyowekwa mtandaoni inatosha. Huko Hong Kong, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup alituma takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambao wakubwa wake walioonekana humo walikuwa wa kughushi. Iweje basi tumcheke mama aliyeshtushwa usingizini? Ndugu zangu wawili walimcheka, na nilichukia sana, kwa sababu aliyechekwa leo kesho atatapeliwa anyamaze.

Tapeli hujulikana kwa anachotaka: haraka, siri, na pesa. Ukivisikia vitatu hivyo pamoja, kata simu, hata kama anayelia ni mwanao. Kisha mpigie kwa namba yake uliyo nayo siku zote. Usirudie ile iliyokupigia, wala usiiamini kwa kuwa imetokea na jina lake, maana namba nayo hughushiwa.

Kwetu sasa kuna neno la siri, la kumuuliza yeyote anayepiga simu akijiita mmoja wetu. Mama ndiye aliyelichagua, tukaambiana ana kwa ana, na halijaandikwa kwenye simu ya mtu yeyote.

Ukichapisha tena mafunzo hayo, Mhariri, tafadhali anza na hilo la kukata simu, kwa herufi kubwa ambazo wazee wataweza kuzisoma bila miwani.

Msomaji wako