Kodi ya kaboni ikija, hela ya bibi ifike kabla ya bei kupanda

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo la kodi ya kaboni linaniuma na naona wanaoliongelea wengi ni watu wa mjini.

Mimi nina mashine ya kusaga, ya dizeli, huku wilaya ya Chamwino. Mwaka 2022 mafuta yalivyopanda baada ya vita ya Urusi na Ukraine niliongeza shilingi 500 kwa debe, sikuwa na namna. Wiki hiyohiyo akaja bibi mmoja na debe lake la uwele, nikamtajia bei mpya, akanyamaza kidogo halafu akatandika kanga chini akamwaga nusu, akaniambia mjukuu wangu nisagie hiyo iliyobaki, hii nitatwanga mwenyewe. Bibi wa miaka sabini na kitu! Hana pikipiki, hana jiko la gesi, hajawahi kusimama sheli kununua hata lita moja, ila bei ya mafuta ilimfuata mpaka kwenye kinu chake. Ndio maana mtu akiniambia kodi ya kaboni itawagusa wenye magari tu, namkatalia.

Kodi yenyewe ni rahisi kuielewa. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa, ile inayochangia mabadiliko ya tabianchi, basi serikali inaweka bei kwa kila tani ya hiyo hewa na bei inaingia kwenye lita. Finland walianza 1990, Sweden 1991, na Afrika Kusini wanayo tangu Juni 2019. Mimi siipingi. Sisi wa Dodoma ukame tunaujua, na atakayesema mazingira hayatuhusu aende akaangalie makorongo ya Kondoa. Kule 1979 mifugo iliondolewa chini ya HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, ili ardhi ipone, na ardhi ikapona kweli sehemu nyingi, ila mzigo waliubeba wenye ng'ombe. Sitaki irudiwe hivyo.

Sasa tupige hesabu, namba ni za mfano tu. Tuseme kodi ni shilingi 100 kwa lita. Bosi mwenye gari kubwa anachoma lita 300 kwa mwezi, analipa 30,000. Bibi yangu, kupitia kusaga na nauli na sabuni iliyoletwa na lori, analipa 2,000. Ukiangalia haraka unasema bosi kaumia mara 15, sawa, lakini bosi anaingiza milioni 3 na bibi 60,000, kwahiyo bosi katoa shilingi 1 katika kila 100 na bibi katoa zaidi ya 3 katika kila 100. Hapo ndipo kodi inapomkaba mtu wa chini. Ila chukua kaya kumi, bosi mmoja na bibi tisa, kodi yote inakuwa 48,000, igawe sawasawa kila kaya inapata 4,800. Bibi kalipa 2,000 karudishiwa 4,800, kabaki na 2,800 mkononi, na bosi bado anaumia ndio ataanza kufikiria kupunguza safari au kupanda treni ya SGR akienda Dar. Kodi ileile, kilichobadilika ni hela zimerudi au hazijarudi.

Mpwa wangu anaishi Calgary, Kanada, hiki kitu amekiishi. Mwaka 2024 kodi yao ilifika dola 80 kwa tani na kila miezi mitatu mtu mmoja kwenye jimbo lao la Alberta alikuwa anarudishiwa dola 225, familia ya watu wanne dola 450, na wa vijijini walikuwa wanaongezewa asilimia 20 kwa sababu huko hakuna basi. Yeye hana gari, anapanda treni ya mjini, anasema mjomba mimi nilikuwa nabaki na faida kabisa. Lakini wenzake kazini walikuwa wanalalamika kila siku, maana bei ya sheli wanaiona kila asubuhi na ile hela inaingia benki kimyakimya, wengine hata hawajui ni ya nini. Aprili 2025 serikali yao ikaiondoa kodi hiyo kwa wananchi wa kawaida.

Kwetu itakuwa ngumu zaidi, tuseme ukweli. Tozo za miamala ya simu za 2021 hatujazisahau, tuliambiwa zinajenga madarasa na vituo vya afya, vizuri, lakini darasa halimrudishii bibi hela ya kusaga. Ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 ya Juni 2022 ilitusaidia kweli, mimi mwenyewe ilinipunguzia, ila ukishusha bei ya lita anayefaidi zaidi ni anayejaza lita 300. Na msiniambie TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inatosha, maana kijana wa bodaboda hayumo kwenye orodha ya TASAF na mafuta ndio maisha yake. Hela ya kodi irudishwe kwa kila kichwa, watoto wahesabiwe, iingie kwenye simu kwa jina linaloeleweka, na asiye na simu alipwe hapo kijijini mbele ya watu.

Na gesi ya kupikia isiguswe kabisa. Mtungi ukipanda mama anarudi kwenye mkaa siku hiyohiyo, na mkaa hauna pampu ya kuuwekea kodi, unatoka porini usiku kwa baiskeli.

EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mimi siku hiyo ndio napanga bei ya debe. Hela ya bibi iwe imefika Jumanne.

Msaga nafaka,
Chamwino, Dodoma