Nguruwe anahitaji laisini, si protini ya jumla tu

Mhariri,

Mfugaji wa Mwanza akiona nguruwe wake wa kilo 25 hadi 50 wamedumaa, huongeza mashudu ya pamba, maana Usukumani hayakosekani. Protini inapanda kweli, lakini nguruwe hakui. Kinachopungua ni laisini, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza. Ikipungua hiyo, protini nyingine haijengi nyama. Hutoka na mkojo na banda likanuka amonia. Mashudu ya pamba yana laisini kidogo, na hata hiyo kidogo hufungwa na gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na joto la kukamulia mafuta. Yasizidi kilo 5 katika kilo 100 za chakula.

Mchanganyiko wa kilo 100 unaofaa uzito huo ni mahindi yaliyoparazwa kilo 48, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 15, soya iliyokaangwa 9 na dagaa 6. Kilo 2 zilizobaki ni chokaa ya mifugo gramu 800, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) 500, chumvi 250, primiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini) 250 na laisini ya unga 200. Laisini yote hapo hufika karibu asilimia 0.97. Vitu hivi vidogo vipimwe kwa mizani, vichanganywe kwanza na kilo 2 za mahindi, kisha na kilo 10, ndipo viingie kwenye rundo. Vikimwagwa moja kwa moja, nguruwe mmoja atapata chumvi nyingi na mwenzake asipate laisini kabisa.

Dagaa wapimwe kabla ya kununuliwa, hata pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga una uzito. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, tazama kinachotuama.

Kwenye madini, kosa kubwa ni kuzidisha chokaa au makombe ya ziwani, au kumlisha nguruwe chakula cha kuku wa mayai. Kalsiamu ikizidi, hushirikiana na faiteti, kemikali ya asili iliyomo kwenye pumba, kuzuia zinki isifyonzwe. Ngozi ya miguu na tumbo hufanya magamba makavu. Wengi hudhani ni ukurutu, ugonjwa wa ngozi uletwao na wadudu, na kunyunyizia dawa bure. Nguruwe mwenye ukurutu hujikuna mno. Huyu aliyekosa zinki hajikuni sana. Punguza chokaa, na hakikisha primiksi inatoa miligramu 100 za zinki kwa kilo ya chakula. Chokaa ya kupaka nyumba isitumike kamwe.

Wiki nne kabla ya kuchinja, ondoa dagaa, weka soya, ili nyama isinuke samaki.

Ombi letu kwa watengenezaji wa vyakula Kanda ya Ziwa: asilimia ya protini pekee haimsaidii mfugaji wa nguruwe. Andikeni kwenye mfuko kiasi cha laisini, kalsiamu na fosforasi, pamoja na uzito wa nguruwe anayekusudiwa.

Wataalamu wa lishe ya mifugo,
Nyegezi, Mwanza