Gesi tunayo, vituo viko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie utegemezi wetu wa mafuta kutoka nje, jambo lililonijia akilini nilipowapeleka wanangu kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba, ambako foleni ya Barabara ya Kilwa ilitula muda mwingi kuliko mabanda yenyewe.

Banda moja lilionyesha bajaji inayotumia gesi asilia badala ya petroli, mtungi ukiwa chini ya kiti, na dereva aliyesimama kando yangu akauliza jambo moja tu: "Kujaza ni wapi?" Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, mkoani Lindi, inafika Dar es Salaam tangu 2004, ilhali sisi bado tunaisubiri Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itangaze bei za mafuta. Napendekeza vituo vya kujazia gesi vianzie kwenye stendi za daladala, kama Mbagala na Gongo la Mboto, kabla ya kufikiria magari binafsi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam