Wenye Hiace Kigoma, msizibe kitundu cha pampu ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madereva, wenye magari na mafundi wenzangu wa Mkoa wa Kigoma kuhusu pampu ya maji, inayozungusha maji ya kupoza injini, wota pampu kama tunavyoiita gereji. Magari mengi yanayopanda Manyovu na Kasulu ni Hiace zenye injini za dizeli za zamani za Toyota: 2L, 3L na 5L. Pampu ikianza kuvuja, tiba imekuwa dumu la maji ya ziwa nyuma ya kiti, pamoja na gundi ya chuma kwenye kitundu kinachotoa maji. Tiba hiyo inaua injini, na napenda ieleweke kwa nini.

Kile kitundu kilicho chini ya shingo ya pampu hakikuliwa na kutu. Kimetobolewa kiwandani. Ndani ya pampu kuna shafti inayozunguka kwenye beringi, na kati ya beringi na maji kuna sili, yaani kizuizi cha maji. Sili ikichoka, maji yanayopenya yanatakiwa yatokee kwenye kitundu hicho, yamwagike nje kabla hayajaifikia beringi. Ukikiziba, maji hayana pa kwenda ila kwenye beringi yenyewe. Yanaosha grisi, kutu inaingia, puli inaanza kuyumba. Shafti ikikatika njiani, feni inaruka mbele na kuchana rejeta. Hapo hulipii pampu tena. Unalipia pampu, feni, rejeta, na kama dereva aliendelea kukanyaga mafuta, silinda hedi (kichwa cha injini) pia, maana hedi za injini za L hazivumilii kuchemka.

Kuipima si kazi. Injini ikiwa imezimwa, shika puli ya pampu uitikise juu na chini. Usishike feni ukatoa hukumu, kwa sababu feni klachi, kiungo kati ya feni na puli, nayo ina mchezo wake. Puli ya pampu isiyo na ubovu haichezi kabisa. Kisha mulika chini ya kitundu utafute mchirizi uliokauka wa rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) au wa kutu. Pampu mpya inaweza kutoa jasho kidogo siku za mwanzo, sili inapokaa sawa. Lakini ikidondosha matone mfululizo, rudisha dukani.

Kazi ya kubadilisha huharibika mapema zaidi ya watu wanavyodhani. Injini iwe baridi. Legeza nati nne za feni kabla hujalegeza belti, kwa kuwa belti ndiyo inayoizuia puli isizunguke. Ukitoa belti kwanza utaishia kuchomeka bisibisi kwenye puli na kuikunja. Mwaga maji kwenye koki ya rejeta na pia kwenye plagi iliyo ubavuni mwa bloku, mwili wa injini. Plagi hii wengi huiruka, na matope yote ya miaka yamekaa hapo. Maji unayomwaga yapokee kwenye ndoo na uyapime, ili ujue utakayorudisha.

Boliti za pampu mara nyingi hazilingani urefu. Chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, chomeka kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota mwisho wa nyuzi: mkononi utaona imekaza, kumbe haijabana gasketi, ile karatasi ya kuzuia uvujaji kati ya pampu na bloku, na ukilazimisha utapasua bloku au kukata nyuzi. Pampu ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa kipande cha mbao. Usipenyeze bisibisi kati ya pampu na bloku, kwa sababu mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha gasketi mpya. Mabaki ya gasketi yakwangue kwa kisu butu huku tundu la maji limezibwa kwa kitambaa. Wanaotumia diski ya grainda hapa wananisikitisha sana. Inachimba chuma, na chenga zake zinaingia kwenye maji na kwenda kuikwangua sili uliyoinunua leo.

Kabla ya kufunga, ziweke pampu mbili pamoja, mpya na kuukuu. Linganisha matundu ya boliti, mwelekeo wa panga za ndani zinazosukuma maji, na hasa kimo kutoka uso wa gasketi hadi pale puli inapokaa. Pampu za 2L na 5L zinafanana machoni, na muuza spea anaweza kukupa isiyo yako bila kukusudia. Puli ikitokeza hata milimita chache, belti haikai kwenye mstari na itakatika mapema.

Gasketi ya karatasi haihitaji kuogeshwa silikoni. Ukilazimika, paka utepe mwembamba usiozidi milimita 2, kisha usubiri saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza maji. Silikoni nyingi inafurika ndani, inakatika vipande, na vipande hivyo vinakwenda kuziba vijia vya rejeta. Boliti zote ziingie kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa kupishanisha, awamu mbili au tatu. Boliti za milimita 8 kwenye pampu kwa kawaida huhitaji nyutoni mita 18 hadi 20. Kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata kikisema tofauti. Belti ikaze hadi uibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu katikati ya puli mbili, izame kama sentimita moja. Belti inayolia kama gitaa inavuta shafti upande mmoja saa zote, na hiyo ni njia nyingine ya kuua beringi.

Themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto, irudi mahali pake. Najua wengi wanaitoa wakiamini gari litapoa zaidi. Kwenye injini hizi themostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, pale inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Yaani kwenye mlima, ndipo inapochemka.

Sasa maji. Ziwa Tanganyika linang'aa hadi unaona mawe chini, na kwa sababu hiyo watu wanadhani maji yake ni safi kwa injini. Si hivyo. Yana alikali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba chumvi nyingi zaidi za magnesiamu, sodiamu na kalisi kuliko maji ya mvua. Kila unapoongeza dumu, maji yanaondoka na chumvi inabaki, ikijenga magamba kwenye rejeta na kwenye uso wa sili. Alikali hiyo nayo haielewani na aluminiamu ya pampu. Mkoa wetu una mvua ya kutosha kuanzia Novemba hadi Aprili: kinga maji ya bati baada ya mvua za kwanza kusafisha paa, yachuje, changanya nusu kwa nusu na kulanti nzito. Kama kopo limeandikwa tayari kwa matumizi, usiongeze maji. Wala usinunue kwa rangi tu, kwani maji yenye rangi si lazima yawe kulanti. Hapa hakuna barafu, ni kweli, lakini kulanti inazuia kutu pale chuma cha bloku, aluminiamu ya pampu na shaba ya rejeta vinapokaa kwenye maji yale yale.

Kifuniko cha rejeta kiangaliwe siku hiyo hiyo. Kikiandikwa 0.9 maana yake kinashikilia shinikizo la takriban baa 0.9, na maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wake ukiwa umekatika, maji matupu yanachemka chini ya nyuzi 97 ukiwa unapanda Manyovu, na mapovu yanayopasuka kwenye panga za pampu yanazidonoa taratibu.

Wakati wa kujaza, egesha gari pua ikiwa juu, jambo rahisi katika mji wenye vilima kama wetu. Fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, washa bila kifuniko, minya hosi ya juu, ongeza kadiri hewa inavyotoka, mpaka themostati ifunguke na hosi ya chini ipate moto. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye gereji za Mwanga na Ujiji: kulanti ya zamani isimwagwe mtaroni. Ina utamu, mbuzi na mbwa wanainywa, na ni sumu inayoua figo. Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko na alama, mbali na watoto, na dumu hilo lisirudi kuchotea maji.

Fundi magari,
Mwanga, Kigoma