Kwa nini kuchoma faili la ISO si kunakili faili moja

Lalamiko linalotufikia kila mara ni hili: mteja amepakua faili la ISO, ametuletea tulichome kwenye diski, na akitajiwa bei anauliza kwa nini atozwe kiasi hicho kwa kunakiliwa faili moja tu. Hivi karibuni mmoja aliondoka akiamini kwamba tumemdhulumu, kwa hiyo tumeona ni haki yake, na ya wengine, kuelezwa kazi hiyo inavyofanywa.

Faili la ISO ni taswira ya diski nzima. Jina lake limetokana na kiwango cha ISO 9660 cha mwaka 1988, kinachoeleza jinsi mafaili yanavyopangwa kwenye CD, na ndani yake zimo sekta za diski kwa mpangilio wake, kila moja kwa kawaida ikiwa na baiti 2,048, pamoja na sehemu ya kuwashia, ambayo haionekani kwenye folda zake lakini kompyuta huitafuta inapowashwa. Anayeliburuta faili hilo hadi kwenye diski tupu na kulichoma kama anavyochoma picha hupata diski yenye faili moja kubwa, na kompyuta haiwezi kuwaka kwa diski hiyo.

Wapo pia wanaolifungua kwa programu ya mafaili yaliyobanwa, wakatoa vilivyomo na kuvichoma. Hao ndio wanaotusumbua zaidi, kwa sababu kila faili huonekana lipo na mteja huapa kwamba diski yake ni nzima, kumbe sehemu ya kuwashia imeachwa njiani. Mmoja wao alimaliza pakiti nzima ya DVD-R, ambazo zikishachomwa hazifutiki, ndipo akatuletea kazi. Alilipa bei aliyotaka kuikwepa, na diski nyingine juu yake.

Anayetaka tu kuona kilichomo ndani ya ISO hana haja ya kutulipa. Kuanzia Windows 8, kubofya faili mara mbili kunatosha, na taswira hujitokeza kama draivu. Hilo tunamwonyesha mteja bure. Hata kuchoma taswira, Windows 7 na zilizofuata zinaweza zenyewe.

Tunachotoza ni uhakiki. Kabla ya kuchoma, tunakokotoa SHA-256 ya faili, yaani namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, na kuilinganisha na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Kisha tunachoma kwa kasi ya wastani, na mwisho tunaisoma diski yote upya na kuilinganisha na taswira. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko uchomaji wenyewe. Mteja mmoja, ambaye usakinishaji wake ulikuwa ukikwama katikati, alikuwa ameshanunua diski kuu mpya akidhani ya zamani imekufa. Ulinganisho wa SHA-256 ulionyesha kwamba faili lake liliharibika wakati wa kupakuliwa, na diski kuu ya zamani haikuwa na kasoro yoyote.

Ukubwa nao huleta ugomvi. DVD ya gigabaiti 4.7 huhesabiwa kwa baiti bilioni 4.7, lakini Windows, ambayo huhesabu kwa 1,024, huonyesha takriban 4.38. Taswira inayoonyeshwa humo kuwa ya 4.5 haitaingia, na tukidai diski ya tabaka mbili hatumlazimishi mtu kununua kitu cha ghali.

Kutengeneza taswira ya diski ya zamani kunahitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya michezo ya zamani ya kompyuta ilitolewa kwenye CD zenye data na muziki pamoja, na ISO huhifadhi data peke yake. Diski kama hizo sisi huzihifadhi kwa jozi ya mafaili: BIN, lenye data na muziki pamoja, na CUE, linaloeleza mpangilio wake. Mteja aliyejitengenezea ISO ya mchezo wake na kutupa diski ya asili alitujia mchezo ukiwa hauna muziki, na hapakuwa tena na mahali pa kuupata muziki huo.

Kwa hiyo njooni na diski ya asili kama ipo, anwani ya ukurasa mlikopakua faili, na maelezo ya kompyuta itakayotumika, kwa kuwa, kwa wanaotaka taswira iandikwe kwenye flashi badala ya diski, flashi ya kompyuta yenye BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) huenda ikahitaji kuandaliwa tofauti na ya UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS. Flashi yenyewe iwe imeondolewa kila mnachokihitaji, kwa sababu kuandika taswira hufuta yote yaliyomo.