Kelele za feni katika vyumba vya kuoteshea mimea

Mhariri,

Wengi wanaootesha mimea ndani ya nyumba hukimbilia kuifunika kelele ya feni kwa redio, ilhali sauti mbili zenye nguvu sawa zikiungana huongeza takriban desibeli 3. Heri kuanza na feni yenyewe: mwendo wake ukipunguzwa kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, ndiyo maana feni kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayokimbizwa. Ining'inizwe kwa kamba za mpira, isikazwe kwa skrubu ukutani, kwa kuwa ukuta ukitikisika nao huvuma kama ngoma. Swichi za kufifisha taa, ambazo baadhi yetu huzitumia kupunguza mwendo, huzifanya mota nyingi zingurume zaidi.

Msomaji wako.